Maziwa ya Saa Sita

Ndama wanne walikunywa maziwa ya ng'ombe wale wale, kwenye ndoo zilizonunuliwa siku moja duka moja, na hakuna hata mmoja aliyekunywa kama mwenzake. Wa kwanza alitumbukiza mdomo ndani ya ndoo na kuutoa ndoo ikiwa kavu. Huyo aliitwa Pampu. Wa pili alikunywa mafunda matatu, akainua kichwa, akamkazia mtu macho kama anayesikiliza ushahidi, kisha akainama tena kunywa. Huyo aliitwa Hakimu. Wa tatu aliyaacha ya kwake yakapoa huku amepenyeza ulimi kati ya mbao akiyatafuta ya mwenzake wa pembeni; huyo aliitwa Jirani. Wa nne hakunywa. Alisimama mbele ya ndoo, akainamisha uso, akapepesa kope zake ndefu, akangoja watu waondoke. Huyo ndiye Bi Harusi.

Ofisini hawakujulikana kwa majina hayo. Walikuwa na hereni za plastiki masikioni, namba arobaini na moja mpaka arobaini na nne. Majina waliyapata kwa mnyweshaji wao, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana ambaye jina lake mwenyewe lilikuwa limemezwa na miaka tisa ya kunywesha. Shamba zima la maziwa lilimwita Mama Ndama. Hata mama mkwe wake alimwita hivyo, ila siku za hasira tu.

Mama Ndama aliishi na mumewe, ambaye alikuwa mkamuaji, na mama wa huyo mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuishi. Walikaa kwenye chumba kimoja na kipande, nyuma ya ghala la nyasi. Kipande ndipo alipolala bibi huyo. Chumba kilikuwa cha kazi, na si kazi ya mume. Wakamuaji walilala bwenini, wanane wanane, kila mtu na ndoana yake ya kutundikia suruali. Mnyweshaji ndiye aliyepewa chumba, kwa sababu ndama huzaliwa saa anayotaka yeye na lazima awepo mtu karibu wa kumpa dang'a, yale maziwa ya kwanza. Kwa hiyo mume alikuwa analala kwa mkewe, na wenzake walihakikisha hasahau.

"Leo mwenye nyumba amekuruhusu kuingia?" walimwuliza kila asubuhi.

"Ameniruhusu," alijibu. "Ila ameniambia nifute miguu."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipokuja meneja mpya. Alikuwa kijana mwenye adabu, cheti, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Wiki ya kwanza alibandika chati kwenye ukuta wa banda la ndama. Lita mbili asubuhi, lita mbili jioni, dakika kumi. Kitakachobaki baada ya dakika kumi kimwagwe. Aliyemaliza awekewe tiki, asiyemaliza mkato, na chini anyweshaye aweke sahihi.

Kanuni yenyewe haikuwa ya kijinga. Maziwa yakikaa huchacha na huita nzi, na nzi hana haya, anaingia hata pasipo na harusi. Chati ile iliwafaa ndama watatu kati ya wanne, na ofisi nyingi zingefurahi kuwa na kanuni inayofaa watatu kati ya wanne.

Mama Ndama alijaribu kusema, mapema kabisa.

"Meneja, huyu wa mwisho hanywi akitazamwa."

"Mama, ndama ni mdomo na tumbo. Ukimbembeleza unamharibu. Njaa ni mwalimu."

"Ni mwalimu, sikatai. Ila wako wanafunzi wanaofia darasani."

Meneja alicheka kwa heshima, kama mtu anavyomchekea mama yake mdogo, akaenda kupima joto la maziwa.

Basi Mama Ndama akafanya kama wafanyavyo wenye akili wasio na cheo: akaitii kanuni pale ilipoonekana. Dakika kumi zikiisha, alimimina masalio ya Bi Harusi ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, akalipeleka ghalani na kulifunika kwa gunia lililoloweshwa maji. Saa sita mchana, watu wote wakiwa wamekwenda kula, aliyapasha moto kwenye jiko lake, akarudi bandani, akachovya vidole viwili na kuvitia kinywani mwa ndama, akavishusha taratibu mpaka kwenye ndoo. Kisha akageuza uso ukutani. Bi Harusi alikunywa mpaka tone la mwisho. Ya jioni aliyarudia usiku vivyo hivyo. Wiki tano Mama Ndama alisoma ukuta ule ule, akaujua kila ufa.

Na kwenye chati, asubuhi ile ile, aliweka tiki. Kwani si angemaliza? Angemaliza. Tiki haina saa.

*

Siku ya Jumatano mlinzi aliliona lile kopo. Hakuwa anatafuta wizi. Alikuwa anatafuta mahali pa kulala. Alijilaza kwenye nyasi, akahisi kitu kigumu ubavuni, akafunua gunia, akasikitika sana, maana mlinzi aliyegundua jambo hawezi tena kulala.

Mama Ndama alipofika ghalani saa sita kasoro, alimkuta mlinzi, meneja, na wakamuaji watano waliokuwa wameacha chakula chao kipoe, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya hata siku zizi lilipowaka moto.

"Mama, samahani," alisema meneja. "Naomba ufungue mkoba."

"Mkoba wangu?"

"Ni utaratibu tu."

Aliufungua. Mlinzi alitoa kimoja kimoja na kukiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa: nusu mkate, kitambaa, dawa ya macho ya mama mkwe, na soksi moja ya mumewe iliyokuwa inangoja kutiwa kiraka. Wakamuaji waliitazama ile soksi kwa makini. Mumewe, aliyekuwa mmoja wa wale watano, alitazama dari.

"Hakuna maziwa," alisema mlinzi.

"Maziwa mnayo hapo kwenye kopo," alisema Mama Ndama. "Mlitaka niyatie kwenye mkoba na soksi?"

Ofisini, meneja alifunga mlango, akaliweka kopo mezani kati yao, akayapima maziwa.

"Lita moja na robo."

"Na robo, ndiyo. Leo amekunywa kidogo kuliko jana."

"Nani?"

"Bi Harusi."

"Nani?"

"Arobaini na nne."

Meneja alivuta chati. "Arobaini na nne, leo asubuhi, tiki. Sahihi ya nani hii?"

"Yangu."

"Kwa hiyo amemaliza."

"Bado. Atamaliza sasa hivi ukinipa hilo kopo, maana saa yake imefika."

"Mama." Meneja aliweka kalamu chini. "Mambo ni mawili tu. Kama tiki ni ya kweli, ndama alikunywa yake yote, na haya umeyaiba. Kama haya ni ya ndama, basi tiki ni uongo. Ni lipi?"

Mama Ndama aliwaza. Hakuwahi kuliona jambo lake likiwa jembamba hivyo.

"Wizi una adhabu gani humu?"

"Kufukuzwa siku hiyo hiyo. Chumba kurudishwa ndani ya siku saba."

"Na uongo?"

"Kujaza taarifa zisizo za kweli? Barua ya onyo."

"Basi mimi ni mwongo," alisema Mama Ndama, akajiweka vizuri kwenye kiti. "Andika hapo. Mwongo wa wiki tano, asubuhi na jioni. Unataka niseme mbele ya shahidi? Mwite mlinzi, yuko macho leo."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundishwa kwamba mhalifu hukana, na huyu hakukana, naye hakujua ukurasa gani unaeleza hilo.

"Mtu anayekiri haraka hivyo," alisema mwishowe, "anaficha kitu kikubwa zaidi."

"Nifiche nini tena? Hata soksi mmeiona."

"Tajiri mwenye shamba atakuja Jumamosi, ndiye ataamua. Mpaka siku hiyo usikanyage bandani. Ndama nitawanywesha mwenyewe."

"Wewe?"

"Ni ndoo nne tu, mama."

*

Familia za shamba lile zilipewa nusu lita ya maziwa kila jioni. Jioni ya Jumatano mume alirudi na chupa tupu. Nusu lita imesimamishwa mpaka kesi iishe. Mama mkwe alipewa chai ya rangi. Aliinywa kwa mafunda madogo, maana yeye kikombe kimoja kilimchukua muda wa watu wengine kufua na kuanika, kisha akauliza maziwa yako wapi.

"Yamezuiwa, mama," alisema mwanawe. "Kwa sababu ya wizi."

"Ameiba nani?"

"Wanasema mkeo. Yaani mkwe wako. Mke wangu."

"Ameiba?"

"Hajaiba."

Bibi aliitazama chai yake, akamtazama mkwewe. "Yaani unasingiziwa wizi wa maziwa, na mimi nakunywa chai ya rangi? Si bora ungeiba kweli, mwanangu, tukajua moja."

"Mama," alisema mwanawe.

"Nauliza tu. Na tukihamishwa?"

Mume angerudi bwenini kwenye ndoana yake. Mama Ndama angekwenda kwa dada yake, mwenye watoto sita na mume asiyependa wageni, hasa wa kike, hasa wanaokula. Bibi hakuwa na ndoana wala dada. Alikuwa na kile kipande cha chumba, kitanda cha kamba, na dirisha la ukubwa wa sinia ambalo alikuwa amelipachika pazia mwenyewe.

"Nimekiri uongo, hawataki," alisema Mama Ndama. "Mtu unajitolea kuwa mwongo na bado unanyimwa."

"Ungelia kidogo," mume alishauri. "Watu humwamini anayelia."

"Nilisahau. Nilikuwa namfikiria yule mtoto na njaa yake."

Alhamisi saa sita mchana sauti ya ndama ilipita juu ya paa la ghala na kuingia chumbani kama mtu aliyeitwa. Mama Ndama alikuwa anaosha sufuria. Aliisugua tena. Ndama akalia tena. Akaigeuza sufuria na kuisugua chini, mahali ambapo tangu inunuliwe pamekuwa peusi kwa haki.

"Usiende," alisema bibi kutoka kitandani.

"Sijasogea, mama."

"Miguu haijasogea. Shingo imeshafika bandani. Ukienda ukakamatwa na kopo, basi wewe ni mwizi wa kweli, na mimi nitalala njiani."

"Analia."

"Hata mimi nililia nilipoambiwa hakuna maziwa. Mbona hukuinuka?"

Mama Ndama akacheka pasipo kutaka, na ule mlio wa tatu ukampata katikati ya kicheko.

Habari za bandani aliletewa na mumewe, jioni, kama magazeti. Pampu anahara, kwa sababu meneja humwekea ndoo chini kabisa na anakunywa kama bomba lililopasuka. Mama Ndama huwa anaishikilia ndoo kwa magoti na kuiondoa kila baada ya mafunda kadhaa, ili avute pumzi. Hakimu hajambo, ila anamtazama meneja usoni na meneja ameanza kumpa mgongo. Jirani ananenepa.

"Ananenepa kwa kipi?"

"Ubao wa katikati umelegea. Sasa anaingiza kichwa chote kwa Bi Harusi."

"Na Bi Harusi?"

Mume alivua kiatu kimoja, akakitazama ndani. "Meneja anasimama mbele yake na simu. Anahesabu kwa sauti."

"Kwa sauti!"

"Mpaka mia sita."

"Na wenzako wanasemaje?"

"Wananiita mume wa lita na robo," alisema. "Nimewaambia ni bora kuliko mume wa nusu lita kama wao. Hawakucheka. Mimi nilicheka peke yangu, nikaona haya, nikaendelea kukamua."

Ijumaa usiku hakukuwa na jambo, walilala. Ila kabla ya kulala Mama Ndama alikuwa ameshapata njia. Alimtuma mumewe kwa meneja na ombi moja: Jumamosi, tajiri akiwepo, Bi Harusi anyweshwe mbele ya watu wote, saa ikihesabiwa. Akikataa kunywa, basi tiki zote zilikuwa uongo, na wizi haupo.

"Unataka ndama akutolee ushahidi?" aliuliza mume.

"Wiki tano hajamaliza ndoo mbele ya mtu. Huyu hajawahi kuniangusha."

*

Tajiri alikuwa mama mnene, mjane, mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko mjini, na alizungumza kama anayelipia kila neno. Alikuja na viatu vyake vya mpira ndani ya mfuko. Alivivaa akiwa amemshika mlinzi bega, akaingia bandani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Huyu ndiye mwizi?" aliuliza.

"Mwongo," alisema Mama Ndama. "Shikamoo."

"Marahaba. Haya."

Wakamuaji walijipanga ukutani. Bibi naye alikuwepo; alisema amekuja kuota jua, ingawa banda lilikuwa na paa. Meneja alimimina lita mbili, akaonyesha kipimo kwa kila mtu kama muuza kitambaa, akaweka ndoo mbele ya arobaini na nne, akabonyeza simu.

Mama Ndama alikunja mikono. Macho kumi na mawili na zaidi yalimkodolea Bi Harusi. Hakuna bi harusi ambaye angekula siku hiyo.

Bi Harusi alitia mdomo ndani ya ndoo.

Alikunywa bila kuinua kichwa. Alikunywa mkia ukipigapiga, masikio yamelala, povu likimfika machoni, na ndoo ikaanza kuburuzika sakafuni naye akiifuata. Kwa sekunde tatu hivi Mama Ndama alifurahi, kama mtu yeyote anavyofurahi kumwona mtoto wake akila, kabla hajakumbuka kwamba kila funda linamtoa nyumbani.

"Dakika tatu na sekunde hamsini," alisema meneja. Hakusema kwa ushindi. Alionekana ameshangaa kuliko wote.

Mtu mmoja ukutani alicheka puani. Mume wa Mama Ndama alikuwa anatazama dari tena, na safari hii dari ilikuwa ya mabati, haina kitu cha kutazama.

"Kwa hiyo anakunywa," alisema tajiri.

"Anakunywa," alisema Mama Ndama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi tiki zilikuwa kweli."

"Sijui niseme nini."

"Usiseme. Utapewa siku saba za kutoa vitu vyako." Tajiri aliweka mikono magotini ili ainuke.

Kwa watu wengine, mwenye kufukuzwa angepiga magoti, na Mama Ndama alipiga magoti kweli, lakini si mbele ya tajiri. Bi Harusi alikuwa bado analamba ndoo tupu, anaigonga ukutani, anailamba kwa nje. Mama Ndama alipitisha kiganja mgongoni mwake, kikashuka kwenye nyonga, kikasimama hapo. Mfupa ulikuwa umetokeza kama kona ya meza.

"Huyu hakunywa," alisema. "Huyu amefakamia. Mtoto aliyeshiba hafakamii ndoo ya bati." Akainua uso. "Leo ni Jumamosi. Leo si ndiyo siku ya kupima?"

Ilikuwa siku ya kupima. Kila Jumamosi utepe ulizungushwa kifuani mwa kila ndama, nyuma ya miguu ya mbele, na utepe ukasema kilo. Kwa ajili ya kesi, watu walikuwa wamesahau.

Tajiri alikaa tena. "Pimeni," alisema. Alikuwa mfanyabiashara, mzigo ukiwepo na mizani ipo, haondoki.

Mume ndiye aliyeshika utepe, kwa kuwa mkewe alikuwa bado amemshika Bi Harusi na meneja alikuwa ameshika chati. Pampu alikuwa amepungua kilo moja, na alama za kuhara zilikuwa zimemkauka miguuni. Hakimu alikuwa ameongeza tatu, kama kawaida yake, na alimtazama tajiri mpaka tajiri akatazama pembeni. Jirani alikuwa ameongeza sita.

"Sita?" alisema tajiri.

"Sita, mama."

"Kwa lita nne kwa siku? Huyo anakula sementi?"

Kisha Bi Harusi. Mume alizungusha utepe, akausoma, akauzungusha tena.

"Arobaini na nne."

"Namba yake naijua," alisema tajiri. "Sema kilo."

"Ndizo kilo, mama. Arobaini na nne. Jumamosi iliyopita alikuwa arobaini na sita."

Tajiri alinyoosha mkono, meneja akampa chati. Aliisoma kwa kidole, polepole, kama anavyosoma hati za mizigo.

"Jumatano jioni, tiki. Alhamisi asubuhi, tiki. Jioni, tiki. Ijumaa, tiki, tiki. Sahihi hii si ya Mama Ndama."

"Ni yangu," alisema meneja.

"Lita kumi zimeingia, kilo mbili zimetoka. Meneja, maziwa ya ndama yako wapi?"

Mlinzi akakohoa. Wakamuaji wakaacha hata kuegemea ukuta. Meneja alifuta viganja kwenye suruali kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mama Ndama alijua kijana anaona nini mbele yake: milango miwili, na hakuna hata mmoja unaotoka nje. Yeye alikuwa amekaa pale pale siku tatu. Alimwonea huruma, na huruma ile ilimkera.

"Mwanangu," alimwambia taratibu, "sema ni uongo. Uongo una barua tu."

"Nilimwaga," alisema meneja. "Dakika kumi zikiisha nilimwaga, kama inavyotakiwa. Mengine yalinywewa na namba arobaini na tatu, sikuwahi kumzuia."

"Na tiki?"

"Niliweka."

"Kwa nini?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Nilikuwa nimesema ni ndoo nne tu."

Ndoo ya Bi Harusi ilikuwa bado inagonga ukuta. Kisha bibi, aliyekuja kuota jua, akacheka. Alicheka kwa sauti nyembamba, ndefu, mpaka akashika mbao, na wakamuaji wakafuata, na mwishowe hata mlinzi.

"Nina waongo wawili," alisema tajiri alipopata nafasi, "na ndama aliyekonda. Barua mbili. Meneja, ya kwako nitaandika mwenyewe. Mama Ndama, huyu apewe yake saa ngapi?"

"Kidogo asubuhi, kidogo saa sita, kidogo jioni. Na asitazamwe."

"Apewe hivyo."

Mume, ambaye hakuwahi kusema na tajiri zaidi ya salamu, alijikuta ana utepe mkononi na ujasiri kidogo. "Hiyo saa ya mchana, mama, italipwa?"

"Mpaka sasa ilikuwa inalipwa na nani?"

"Hakuna."

"Basi tusibadilishe mambo mengi kwa siku moja," alisema tajiri, akavua viatu vyake vya mpira.

*

Barua ililetwa alasiri na meneja mwenyewe. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti. Alimkabidhi Mama Ndama bahasha kwa mikono miwili, akabaki pale.

"Kuna jambo jingine, meneja?"

"Vile vidole," alisema. "Unavichovya viwili au vitatu?"

"Viwili. Kata kucha kwanza."

"Na ukuta? Lazima kuutazama?"

"Si lazima ukuta. Tazama popote, ila usihesabu."

Aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaondoka akijitazama kucha.

Mama Ndama hakuifungua bahasha. Alimpa mumewe, ambaye macho yake yalikuwa mazuri zaidi, na yeye akaegemea mlango huku mikono yake mipana ikiwa imelala tu tumboni. Bibi alitoka kwenye kipande chake na kukaa kitandani kwao.

"Soma."

Mume alisafisha koo. "'Unapewa onyo kali kwa kosa la kujaza taarifa zisizo za kweli kwenye chati ya kunyweshea ndama, kwa muda wa wiki tano mfululizo.'"

"Mfululizo," alisema bibi kwa kuridhika. "Endelea."

"'Kosa hili ni la udanganyifu, na likirudiwa hatua zaidi zitachukuliwa.'"

"Rudia hapo pa udanganyifu."

Alirudia.

"Wizi umetajwa?"

"Haujatajwa, mama."

"Na chumba?"

"Hakijatajwa."

"Angalia vizuri. Hawa watu wa ofisi huwa wanaficha maneno. Angalia na nyuma."

Mume aliigeuza karatasi, akaipeleka mlangoni penye mwanga, na wote watatu wakainama juu yake. Nyuma palikuwa peupe.